Alama za Penseli: Mimi na Karatasi za Negro Leagues

Katika vitu vyote vya besiboli ya watu weusi nilivyokusanya tangu nihamie Kansas City, ninachokithamini zaidi ni kijitabu cha mechi, kile cha kununua uwanjani chenye orodha ya wachezaji na jedwali ambalo shabiki anajaza mwenyewe mechi inavyokwenda, ambacho wauzaji wengi wangekitia kwenye boksi la bei poa. Jalada limechanika, pini ya stepla imeota kutu na kuacha doa la kahawia kwenye kurasa za katikati, na mwenyewe wa kwanza alikichora kwa penseli kuanzia mpigaji wa kwanza. Sokoni, penseli hushusha bei. Mkusanyaji wa kawaida anataka kijitabu kisafi, kilivyotoka kwa mchapaji. Mimi nikiwekewa viwili mezani, kisafi na kilichoandikwa, nachukua kilichoandikwa, na ikibidi naongeza hela.

Nitaeleza kwa nini, ila najua wasomaji wangu wengi mko Tanga, Dar na Mombasa, na besiboli mmeionea kwenye filamu tu. Somo refu la nini? Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo, akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo, na akifanikiwa kurudi alipoanzia timu yake imepata pointi. Yaliyobaki mtayaelewa njiani. Jambo moja tu lishikeni: huu ni mchezo wa mahesabu. Shabiki wa Simba atakusimulia bao. Shabiki wa besiboli atakutajia wastani wa mchezaji, yaani kati ya zamu zake za kupiga amefaulu ngapi, hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta, na yuko tayari kugombana nawe usiku kucha juu ya hiyo tarakimu ya tatu. Asiye na takwimu, kwao, hakucheza.

Hapo ndipo penye kisa. Kwa takriban miaka 60 kabla ya 1947, ligi kubwa za Marekani hazikumpokea mtu mweusi. Kanuni iliyoandikwa haikuwepo. Wenye timu walielewana tu wao kwa wao, mlango ukafungwa. Weusi wakacheza kwenye timu zao, na tarehe 13 Februari 1920 Rube Foster, mwenye timu ya Chicago American Giants, akawakutanisha wenzake kwenye jengo la YMCA la Paseo, hapahapa Kansas City, wakaanzisha Negro National League. Jengo bado limesimama, karibu na mtaa wa 18 na Vine. Nikipita hapo kwa gari napunguza mwendo, na wa nyuma yangu hupiga honi. Foster hakuyafaidi matunda ya kazi yake: akili ilimruka, akafia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1930, na ligi yake ikamfuata mwaka uliofuata. Aliyeifufua mwaka 1933 ni Gus Greenlee wa Pittsburgh, ambaye hela zake zilitoka kwenye bahati nasibu ya mitaani isiyo halali. Mwaka huohuo ilianzishwa mechi ya nyota wa Mashariki dhidi ya Magharibi kwenye uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Miaka ya 1940 mechi hiyo iliwahi kuvuta watu zaidi ya 50,000.

Watu 50,000, na bado kumbukumbu ni za kuokoteza. Magazeti makubwa ya wazungu mara nyingi hayakujishughulisha. Magazeti ya weusi, kama Chicago Defender, Pittsburgh Courier na The Call la hapa Kansas City, yalitoka mara moja kwa wiki. Timu nayo ilikuwa ndani ya basi: Jumapili mjini mbele ya umati, Jumatatu mji mwingine, Jumanne kwenye kiwanja cha kijiji ikicheza na wenyeji ili ipatikane hela ya mafuta. Matokeo ilibidi mtu ayatume gazetini, na asipoyatuma hayakutoka. Mechi nyingi ziliishia kwenye midomo ya waliokuwepo, nao wakafa.

Sasa ruka mpaka Mei 2024. Ligi kuu ya Marekani ikatangaza kwamba takwimu za Negro Leagues, yaani hizo ligi za weusi, za kuanzia 1920 hadi 1948 zimeingizwa rasmi kwenye kumbukumbu zake, wachezaji zaidi ya 2,300. Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, akawa na wastani wa juu kuliko mpigaji yeyote aliyewahi kuishi: 0.372, akampita Ty Cobb mwenye 0.367 aliyekuwa amekalia kiti hicho tangu enzi za mababu. Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka 1975. Wapo waliokasirishwa na tangazo lile. Nilimsikia jamaa mmoja kwenye foleni ya kinyozi akilalamika kwamba rekodi zimetolewa hewani. Hazikutolewa hewani. Kuna watu walikaa miongo kadhaa mbele ya mashine za kusomea filamu za magazeti ya zamani, wakinakili jedwali moja baada ya jingine, na pale gazeti lilipokuwa kimya wakatafuta karatasi nyingine. Hata hivyo bado kuna mapengo.

Rudi basi kwenye kijitabu changu. Ni cha Kansas City Monarchs, timu ya weusi ya hapa mjini, na kama vilivyo vingi vya aina yake hakina mwaka juu ya jalada. Anayekinunua anajua kimeandaliwa kwa siku ile. Nani angehitaji kuambiwa ni mwaka gani? Mwaka unautafuta mwenyewe. Ndani kuna tangazo linalohimiza watu wanunue hati za serikali za kugharimia vita, kwa hiyo tuko kati ya 1942 na 1945. Kwenye kituo cha kwanza hayupo Buck O'Neil, na O'Neil alikuwa mlinzi wa kituo hicho miaka nenda rudi, isipokuwa alipokwenda kutumikia jeshi la wanamaji baada ya msimu wa 1943. Zimebaki 1944 na 1945. Halafu tazama nafasi namba 6, kati ya kituo cha pili na cha tatu: mwenye penseli ameandika Williams. Jesse Williams ndiye aliyekuwa na nafasi ile mpaka 1945, alipohamishiwa kituo cha pili kumpisha kijana mmoja aliyetoka jeshini aitwaye Jackie Robinson, yule ambaye mwaka 1947 ndiye aliyeufungua mlango wa ligi kubwa. Kwa hiyo ama ni 1944, ama ni mwisho kabisa wa msimu wa 1945, Robinson akiwa ameshaondoka kwenda kuzungumza na Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kubwa. Mimi naegemea 1944.

Jina moja kwa penseli limetuondolea takriban mwaka mzima. Kijitabu kisafi, kwa orodha yake iliyochapwa tu, kisingekwambia hayo, kwa sababu orodha ilichapwa kabla ya mechi na makocha walibadilisha watu dakika za mwisho. Aliyekuwa jukwaani aliona nani kasimama wapi.

Na mkono wake ulikuwa mzuri. Kila nafasi uwanjani ina namba, mrushaji 1, mdakaji 2, na kuendelea hadi 9. Akiandika 6-3, maana yake mpira ulipigwa chini, namba 6 akaudaka na kumtupia namba 3 kwenye kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Herufi K ni mpigaji aliyeshindwa mara tatu na kurudi kukaa. Ukisoma safu kwa safu unaiona mechi ikienda: hapa mrushaji amewatoa watatu mfululizo, hapa amechoka, mistari imejaa, kuna mahali penseli imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea upande wa pili. Alama zinaishia awamu ya sita kati ya tisa. Wageni wangu hupenda kumalizia hadithi wenyewe: mtoto alilala, alizidiwa na jua, aligombana na mumewe. Mimi naacha awamu tatu zikae wazi.

Uwanja wenyewe ulikuwa mtaa wa 22 na Brooklyn. Leo pana nyumba za watu. Nilisimuliwa habari zake na mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi zamu ya usiku. Nilimzoesha shikamoo, akawa ananiitikia marahaba kwa lafudhi ya Missouri, tena kwa kiburi kidogo. Alikuwa mtoto miaka ile. Jumapili ya Monarchs, aliniambia, ibada ilianza saa nzima mapema ili watu wawahi uwanjani, na walikwenda na nguo zilezile za kanisani, akina mama na kofia zao, wanaume na tai. Buck O'Neil naye aliisimulia habari hiyo ya ibada mara nyingi mpaka alipofariki mwaka 2006. Nikamuuliza mzee kama familia yao ilitunza chochote.

"Kijana, tutunze nini? Tiketi ilikuwa ya kuingilia mlangoni."

Mjomba wangu Tanga anashangaa kwa upande mwingine. Nilimtumia picha ya kijitabu kwa WhatsApp na bei niliyonunulia. Hilo la bei halikuwa la busara kumwambia mjomba. Akapiga simu: "Mwanangu, hayo makaratasi ya mpira wa Wamarekani unayala?" Nikamuuliza iko wapi tiketi yake hata moja ya mwaka 1988, Coastal Union tulipochukua ubingwa. Akacheka sana. "Tuliwashia jiko," akasema.

Ndivyo vitu hivi vilivyopungua duniani, hakuna siri. Havikutengenezwa ili vikae. Chukua mabango. Timu ilipokwenda mji mdogo ilitanguliza mabango ya kadibodi, kawaida kama inchi 14 kwa 22, yamechapwa kwa wingi yakiwa na jina la timu na pengine picha ya nyota, na juu kumeachwa nafasi tupu. Kwenye ile nafasi mchapaji aliongeza jina la mji, siku na saa. Bango likawekwa dirishani kwa kinyozi au mwenye duka la dawa, mechi ikichezwa likatupwa, au likageuzwa kuwa mgongo wa fremu ya picha ya harusi. Hizo za kwenye fremu ndizo zilizotufikia.

Mwaka, tena, mara nyingi haupo. Bango linasema Jumapili, 16 Julai, basi. Lakini siku na tarehe pamoja ni ushahidi wa kutosha kuanzia. Kati ya 1930 na 1950, tarehe 16 Julai iliangukia Jumapili mwaka 1933, 1939, 1944 na 1950 tu. Ukijua timu mbili zilizotajwa zilikuwa hai mwaka gani na nyota aliyepigwa picha alikuwa timu gani, umebaki na mwaka mmoja au miwili. Kisha unakwenda maktaba, unafungua The Call la wiki ile. Huu ndio utamu wenyewe. Kununua ni sehemu ndogo kabisa ya burudani hii, ingawa mke wangu ana maoni yake.

Na hapo tumefika kwenye feki, ambazo ni nyingi kuliko vitu halisi, nasema hivyo bila kusita. Vibendera, beji, sanamu za chuma, mabango, tiketi: soko limejaa vitu vilivyotengenezwa miaka ya karibuni na kuchovywa kwenye chai vipate rangi ya uzee. Vingine si hata nakala za kitu kilichowahi kuwepo. Mtu amekaa akabuni tu. Dalili ya kwanza ni kwamba vinapendeza mno. Bango la kweli linatangaza mechi: timu, mahali, saa, kiingilio. La kubuni linatangaza historia. Limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii ni besiboli ya Negro League, utadhani mwenye duka la dawa wa 1938 alikuwa akifungua makumbusho.

Kuna mengine ya kupima. Taa ile ya buluu ambayo wenye maduka kwetu wanakagulia noti, ninayo mfukoni kila ninapokwenda sokoni. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo zinawaka weupe wa kibuluu. Karatasi ya 1935 inabaki imefifia, imepooza. Halafu lenzi ya masonara: herufi za mabango ya zamani zilikandamizwa na herufi za mbao zilizopakwa wino, kwa hiyo wino umesukumwa kidogo pembezoni mwa herufi, na ukipitisha kidole nyuma ya kadibodi wakati mwingine unahisi mbonyeo. Printa ya leo inaacha vidoto vya rangi rangi hata mahali palipopaswa kuwa weusi mtupu. Na kuna makosa ya kizembe tu, kama anwani yenye zipu kodi, zile tarakimu za posta, ambayo Marekani iliianzisha mwaka 1963.

Lakini taa bora ni kusoma. Kwenye soko la vitu vya kale, muuzaji mmoja alinitolea bango la Homestead Grays, safi, picha ya Josh Gibson katikati, mechi ya kiangazi cha 1948. Nikamwambia Gibson alizikwa Januari 1947. Akalitazama bango, akanitazama. "Labda walichapa mapema," akasema. Nikamwachia bango lake, na nilipopita tena jioni lilikuwa limeshauzwa.

Kuhusu kadi sitakaa sana, kwa kuwa kadi zina watu wao na hela zao. Wenye kutengeneza kadi za besiboli Marekani hawakuwatia wachezaji weusi kwenye pakiti zao mpaka ligi kubwa zilipowapokea. Ndiyo maana kadi za zamani za nyota hawa zinatafutwa Kuba na Puerto Rico, walikokwenda kucheza majira ya baridi na kulipwa na kulala hotelini bila bughudha. Oscar Charleston, ambaye wengi wanamwona ndiye aliyekamilika kuliko wote, yuko kwenye vikadi vya sigara vya Kuba vya msimu wa 1923-24, alipochezea Santa Clara. Kadi ya Josh Gibson inayotafutwa zaidi inatoka kwenye seti ya Puerto Rico iitwayo Toleteros, ya 1950-51, yaani yeye akiwa kaburini tayari. Watoto waligandisha kadi zile kwa gundi kwenye albamu, kwa hiyo nyingi zimechunika mgongoni. Satchel Paige yeye alibahatika kufika: aliingia Cleveland, timu ya ligi kubwa, mwaka 1948 akiwa na miaka 42, na kadi yake ya kampuni ya Leaf ya wakati huo, hata ikiwa hoi, inauzwa kwa maelfu ya dola. Ile ya kampuni ya Topps ya 1953 imekosea jina lake, imeongeza L moja. Miaka zaidi ya 20 tangu aanze kutisha wapigaji, na mchapaji bado hajui anavyoitwa.

Kadi za namna hiyo siwezi kuzinunua na, kusema kweli, sizioni wivu. Kadi inakwambia sura. Mimi nataka kujua nani alimpigia nani, wapi, watu wangapi, nani alilipa.

Hilo la nani alilipa liko kwenye barua. Robinson alipochukuliwa na Dodgers, Monarchs hawakulipwa hata senti. Ilichukuliwa kwamba mikataba ya ligi za weusi si mikataba. Effa Manley, mwenye Newark Eagles pamoja na mumewe, hakukubali kunyamaza. Alipiga kelele, akaandika, na Cleveland ilipomtaka Larry Doby mwaka 1947 alipata dola 15,000. Ni pungufu sana ya ambavyo mzungu wa kiwango kile angenunuliwa, lakini alilipwa. Mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown. Mafaili ya Eagles yako Maktaba ya Umma ya Newark, na ya T. Y. Baird, mmoja wa wenye Monarchs, yako Maktaba ya Spencer ya Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, chini ya saa moja kutoka kwangu. Unajiandikisha, unaomba boksi, unaletewa. Hamna anayekuuliza wewe ni nani. Nilipoenda mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuulizwa.

Kwa sababu huwa naulizwa. Mmarekani mweusi mwenye makamo, tukiwa tumepanga foleni nje ya nyumba ambako watoto wa marehemu walikuwa wanauza vilivyobaki, alinisikia lafudhi akaniuliza vitu hivi vinanihusu nini. Hakuniuliza kwa ubaya. Nyumba ilikuwa mashariki ya barabara ya Troost, mstari ambao kwa miaka mingi uligawa jiji hili, weupe magharibi, weusi mashariki. Na vitu halisi vya Monarchs, ukivikuta, unavikuta mashariki, ndani ya boksi la viatu, chini ya Biblia na risiti za bima ya mazishi. Nikamjibu kwamba mimi nimekuja juzi, babu zangu hawakukalishwa kando uwanjani Marekani, na sijidai kuwa urithi huu ni wangu. Ila nikikuta karatasi iko njiani kuelekea jalalani naiokota, naipiga picha kila ukurasa, na picha nampa anayeitaka. Akasema sawa, lakini akaniangalia vizuri nilipoingia ndani, kuona nachukua nini. Alikuwa na haki hiyo.

Ndiyo sababu pia nina ugomvi na hizi kampuni za kupima ubora. Unawapelekea kadi, wanaipa alama, wanaifungia ndani ya plastiki ngumu isiyofunguka. Kwa kadi, haya, kadi ina pande mbili tu. Sasa wanafungia hata vijitabu vya mechi! Kijitabu chenye kurasa 16 kinakuwa jalada mbele na tangazo la soda nyuma, na yaliyomo katikati, ambayo pengine ni jedwali pekee la mechi ile lililobaki duniani, hayasomeki na yeyote mpaka mtu avunje boksi na kupoteza alama yake. Bei imepanda, habari imefungwa jela. Nimeona kimoja kimeuzwa hivyo kwenye mnada wa mtandaoni. Kupitia pembeni mwa plastiki ilionekana dhahiri kuna mistari ya penseli ndani.

Makumbusho ya Negro Leagues, pale mtaa wa 18 na Vine, yalianza mwaka 1990 kwenye chumba kimoja cha ofisi, O'Neil akiwa miongoni mwa waanzilishi, na yako kwenye jengo la sasa tangu 1997. Ukiingia unakutana kwanza na wavu wa kuku, na nyuma yake kiwanja chenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake. Unakiona na huwezi kukifikia. Inabidi uzunguke historia yote ndipo mwishoni uingie kiwanjani na kusimama kando ya Gibson aliyechuchumaa. Wanangu walikuwa na haraka ya kufika kwenye sanamu. Mimi nilinasa kwenye kabati la karatasi. Mkija Kansas City, anzieni huko, si kwangu.

Sasa hivi natafuta kitu cha 1954. Mwaka ule Monarchs walikuwa wameshaishiwa, vijana wote wazuri wamekwenda ligi kubwa, na kwenye kituo cha pili alicheza mwanamke, Toni Stone, waliyemchukua kutoka Indianapolis Clowns. Wapo wanaosema aliwekwa ili kuvuta watazamaji, na kweli tiketi ilibidi ziuzwe. Lakini alisimama mbele ya mipira ya wanaume msimu mzima, na ningependa kuona mkono wa mtu aliyekuwepo ukiandika alichofanya, zamu kwa zamu. Namba 4 ndiyo nafasi yake. Nikipata kijitabu cha mwaka ule chenye 4-3 hata moja kwa penseli, nitasahau bei.

Kwa Waswahili wenzangu wa hapa mjini, mnaofanya kazi za kuhamisha mizigo na kusafisha nyumba za watu waliofariki: mkikuta boksi la makaratasi darini na wenye nyumba wamesema litupwe, waulizeni kwanza, kisha nitumieni picha. Msibandike selotepu pale palipochanika. Msinyooshe kwa pasi, maana kuna aliyefanya hivyo. Na najua tulivyo sisi na vyeti vyetu, lakini nawaomba, msilaminishie.